Mpenzi Anayenyatia: Historia ya Mhusika Mmoja wa Riwaya ya Mapenzi, 1740–2021

1.0 Utangulizi

Mwaka 1748 bibi mmoja wa Lancashire, Uingereza, alimwandikia barua mchapaji wa London aliyeitwa Samuel Richardson. Bibi huyo alijificha nyuma ya jina la bandia la Belfour. Jina lake halisi lilikuwa Lady Bradshaigh. Richardson alikwisha kutoa juzuu nne za kwanza za riwaya yake, Clarissa, na habari zilikuwa zimeenea kwamba binti anayesimuliwa humo atakufa katika juzuu zilizobaki. Bibi huyo alimsihi mwandishi amwokoe binti, na amgeuze Lovelace, mwanamume aliyekuwa akimwandama na kumtega, awe mume mwema. Aliungama pia, kwa haya, kwamba hakuweza kujizuia kumpenda Lovelace. Richardson alikataa. Juzuu tatu za mwisho zilitoka Desemba mwaka huohuo: Clarissa akafa, na Lovelace akauawa kwa upanga na jamaa wa marehemu.

Januari 2019, yaani miaka 270 baadaye, mwigizaji wa Marekani aitwaye Penn Badgley alijikuta katika hali inayofanana sana na ya Richardson. Alikuwa ameigiza nafsi ya Joe Goldberg katika tamthilia ya televisheni iliyotokana na riwaya ya Caroline Kepnes, You, ya mwaka 2014. Joe ni muuza vitabu anayewafuatilia wanawake kwa siri, akawachunguza, akaingia nyumbani mwao, na hatimaye akaua. Hata hivyo, watazamaji wengi walimwona kuwa ni mpenzi wa kutamanika. Badgley alilazimika kuwajibu hadharani na kuwakumbusha kwamba mtu wanayemsifu ni muuaji.

Baina ya barua ya Lady Bradshaigh na majibu ya Badgley ipo historia ndefu ya mhusika mmoja: mwanamume anayemwandama mwanamke asiyemtaka, na ambaye msomaji anaombwa, au anajiombea mwenyewe, aamini kwamba kuandama huko ni mapenzi. Katika miaka ya hivi karibuni mhusika huyu amekuwa nguzo ya mkondo mzima wa riwaya pendwa, unaoweza kuitwa riwaya ya mapenzi ya giza. Mfano wake unaojulikana sana ni Haunting Adeline ya H. D. Carlton, iliyotoka mwaka 2021.

Mhadhara huu unakusudia kufuatilia historia ya mhusika huyo, na kuonyesha kwamba kinachomfanya awe mpenzi au awe tishio hakitegemei sana matendo yake. Matendo hayo yamebadilika kidogo tu katika karne tatu. Kinachobadilika ni mgawanyo wa sauti: nani anasimulia, na neno la kukataa linapotamkwa linaachiwa maana yake au linapokonywa. Hoja hii ina umuhimu wake kwa wanafunzi wa Kiswahili, kama itakavyobainishwa, kwa kuwa lugha hii inahitaji kuamua itamwitaje mtu huyo.

2.0 Suala la jina

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kumfuata mtu, lakini hakina jina moja lililokubalika la mtu anayemfuata mwingine kwa ung'ang'anizi hadi kumtia hofu. Kitenzi fuata chenyewe hakina lawama. Kinyambulishwapo kuwa fuatia na kisha fuatilia, kauli ya kutendea hujirudia, na maana ya ung'ang'anizi huongezeka; hata hivyo mwalimu naye hufuatilia maendeleo ya mwanafunzi. Andama kina uzito zaidi, na aghalabu husikika katika kauli ya kutendwa: mtu huandamwa na deni, na maradhi, au na adui. Vizia ni kukaa mahali ukingoja. Nyemelea na nyatia ni vitenzi vya wawindaji, vinavyoeleza mwendo wa polepole usiosikika kuelekea kwenye windo.

Jozi ya nyata na nyatia inastahili kuangaliwa kwa makini. Mtu anaweza kunyata peke yake, kwa mfano anapopita karibu na mtoto aliyelala. Kiambishi cha kutendea kinapoongezwa, sentensi hudai yambwa: hakuna kunyatia pasipo anayenyatiwa. Zaidi ya hayo, tendo hilo huwa la upande mmoja. Kinyume chake ni vitenzi vya maelewano, kama vile pendana, chumbiana na ridhiana, ambamo kiambishi cha kutendana hudai nafsi mbili zinazotenda kwa pamoja. Nyatiana huweza kuundwa kisarufi, lakini maana yake ingekuwa ya maadui wawili wanaoviziana. Kwa hiyo sarufi yenyewe inaweka mpaka ambao riwaya zitakazojadiliwa hapa zinajitahidi kuufuta. Katika mhadhara huu mhusika anayehusika ataitwa mnyatiaji.

Suala hili si la kitaaluma pekee. Jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria mahususi dhidi ya tendo hili mwaka 1990, baada ya mwigizaji Rebecca Schaeffer kuuawa mwaka 1989 na mtu aliyekuwa amemwandama kwa muda mrefu. Uingereza ilitunga sheria ya kuwalinda watu dhidi ya bughudha mwaka 1997, na mwaka 2012 kosa la kunyatia likatajwa kwa jina lake kwa ajili ya England na Wales. Neno la Kiingereza linalotumika katika sheria hizo nalo ni la wawindaji, hasa wawindaji wa kulungu. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2015 inalitaja tendo hilo miongoni mwa aina za ukatili. Tanzania iliweka kosa la bughudha ya kijinsia katika marekebisho ya mwaka 1998, na mwaka 2021 ikaamua kisheria kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mfasiri wa sheria hana budi kuchagua neno. Kabla hajachagua, ni vyema ajue fasihi imelifanyia nini jambo lenyewe.

3.0 Richardson na sauti mbili

Riwaya ya kwanza ya Richardson, Pamela, ilitoka mwaka 1740. Inasimuliwa kwa barua na shajara za mtumishi wa kike mwenye umri wa miaka kumi na mitano. Bwana wake, ambaye anaitwa Bwana B. tu, anamshika kwa nguvu, anajificha kabatini chumbani anamolala, anamteka na kumfungia katika nyumba yake ya Lincolnshire chini ya ulinzi wa mwanamke katili. Anazuia barua zake na kuzisoma. Hapo ndipo riwaya inapogeuka: kwa kuzisoma barua hizo, Bwana B. anaathirika, anaacha ubaya wake na kumwoa Pamela kwa ndoa halali. Kukataa kwa msichana kunalipwa kwa kupewa mtu yuleyule aliyekuwa akimkataa.

Wasomaji wengi walishangilia, lakini si wote. Mwaka 1741 Henry Fielding alitoa dhihaka fupi, Shamela, iliyodai kwamba msichana huyo alikuwa mjanja aliyemtega bwana wake. Dhihaka hiyo iligusa udhaifu wa kweli wa kitabu. Ikiwa mwisho wa kukataa ni ndoa, basi kukataa kwaweza kusomwa kama njia ya kupandisha bei, na wala si kukataa. Riwaya iliyokusudia kuutukuza msimamo wa mwanamke iliishia kuufanya neno lisiloaminika.

Clarissa, iliyotoka kwa mafungu kuanzia Desemba 1747 hadi Desemba 1748, inaweza kusomwa kama jibu la Richardson kwa Richardson. Katika dibaji yake anaishambulia waziwazi imani kwamba mwanamume mwasherati akiongoka ndiye mume bora. Masimulizi nayo yamepangwa kwa namna tofauti. Hapa pana sauti mbili kuu: barua za Clarissa Harlowe kwa rafiki yake Anna Howe, na barua za Robert Lovelace kwa rafiki yake John Belford. Msomaji anajua mtego kabla ya anayetegwa, na anaona tukio moja likielezwa mara mbili kwa lugha zisizopatana.

Inafaa kukumbuka jinsi binti huyo alivyofika mikononi mwa Lovelace. Jamaa zake wanataka kumwoza Solmes, tajiri anayemchukia, kwa ajili ya kuongeza ardhi ya ukoo. Wanamfungia chumbani, wanamnyang'anya kalamu na wino, na kukataa kwake kunaitwa ukaidi. Anapokimbia ndoa ya kulazimishwa, anaangukia kwa mtu ambaye naye hasikii neno la kukataa. Lovelace ana watumishi wanaopeleleza, anaiba barua na kughushi nyingine, na anamweka binti katika nyumba ya London ambayo kwa hakika ni danguro. Clarissa anapotorokea Hampstead, Lovelace anamfuata akiwa amejigeuza mzee mgonjwa wa jongo. Hatimaye anamnywesha dawa ya kulevya na kumbaka. Tukio hilo, ambalo riwaya nzima imelielekea, linatangazwa na Lovelace kwa barua fupi mno. Maelezo ya Clarissa mwenyewe yanakuja baadaye sana. Mwandishi ameiacha sauti ya mtenda ikose la kusema, na ameipa sauti ya mtendwa nafasi ya kutoa ushahidi.

Baada ya hapo Lovelace anataka kumwoa, na jamaa za Lovelace wanaunga mkono. Kwa desturi za wakati ule ndoa ingefuta aibu. Clarissa anakataa, na hapa neno lake halipokonywi maana, anakufa nalo.

Hata hivyo wasomaji kama Lady Bradshaigh walimpenda Lovelace. Sababu haiko mbali. Richardson alikuwa amempa Lovelace barua nyingi zilizo hai kupita nyingine zote: zina mzaha, haraka, ubunifu na tamko la kujiamini. Sauti inayosimulia huvuta huruma upande wake, hata inapojishitaki yenyewe. Richardson alifadhaika. Katika matoleo ya mwaka 1749 na 1751 aliongeza vifungu na maelezo ya chini ya ukurasa ili kumwonyesha msomaji ubaya wa Lovelace. Hakuna dalili kwamba jambo hilo lilifanikiwa kumwondolea Lovelace mvuto wake. Hili ni somo la kwanza katika historia hii: onyo la pembeni mwa masimulizi haliwezi kushindana na masimulizi yenyewe.

4.0 Kutoka Heathcliff hadi jangwani

Karne moja baadaye, mwaka 1847, Emily Brontë alitoa Wuthering Heights kwa jina la bandia la Ellis Bell. Heathcliff amekuwa kwa wengi kielelezo cha mpenzi ambaye mapenzi yake yanavuka kifo: anafukua kaburi la Catherine, na anaomba roho yake imwandame maisha yote. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba Catherine alimpenda pia, na kwamba mwanamke anayenaswa kwa nguvu na Heathcliff ni mwingine, Isabella Linton. Isabella anamkimbilia akidhani kwamba chini ya ukali wake mna moyo laini. Catherine amemwonya, hakusikia. Baada ya ndoa, Heathcliff mwenyewe anamcheka mbele ya watu kwa kumdhania kuwa shujaa wa hadithi za mapenzi, na anakumbusha kwamba alimtundika mbwa wake shingo siku waliyotoroka, naye hakuzinduka.

Kwa hiyo Brontë aliweka ndani ya riwaya msomaji mwenye makosa, ambaye ni Isabella, kisha akaonyesha malipo ya kusoma vibaya. Richardson aliweka onyo pembeni. Brontë aliliweka ndani ya msuko. Hata hivyo, historia ya kupokewa kwa riwaya hiyo inaonyesha kwamba vizazi vingi vya wasomaji vimemkumbuka Heathcliff wa kaburini na kumsahau Heathcliff wa Isabella.

Mwaka 1919 mwandishi Mwingereza E. M. Hull alitoa The Sheik, iliyofanywa filamu mwaka 1921 huku Rudolph Valentino akiigiza nafsi ya mhusika mkuu. Diana Mayo, Mwingereza anayejivunia uhuru wake, anatekwa katika jangwa la Algeria na Ahmed Ben Hassan, anabakwa, na hatimaye anampenda. Karibu na mwisho inafichuliwa kwamba Ahmed si Mwarabu: baba yake ni lodi wa Kiingereza na mama yake ni Mhispania. Ufichuzi huo unastahili kutazamwa na msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye anazifahamu vyema hila za fasihi ya kikoloni. Ukatili unawekwa katika mavazi ya Mwarabu ili uvutie, na ndoa inahalalishwa kwa damu ya Mzungu. Windo linaambiwa kwamba lilitekwa na mtu wa kabila lake, na kwamba hofu yake ilikuwa ni kutojua tu. Hapa sauti ya mnyatiaji haihitajiki sana. Kazi ya kumtetea imehamishiwa kwa msimulizi na kwa mwanamke mwenyewe.

5.0 Njia mbili za karne ya ishirini

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mhusika huyu aligawanyika. Njia ya kwanza inawakilishwa na John Fowles katika The Collector, ya mwaka 1963. Frederick Clegg, karani anayekusanya vipepeo, anashinda fedha nyingi katika bahati nasibu ya kandanda, ananunua nyumba ya upweke, na kumteka mwanafunzi wa sanaa aitwaye Miranda, aliyekuwa akimtazama kwa mbali. Fowles alirudia mpango wa sauti mbili. Kwanza anasimulia Clegg. Kisha inakuja shajara ya Miranda inayoeleza siku zilezile. Kisha Clegg anarejea, na Miranda anakufa kwa maradhi bila kuletewa daktari. Tofauti na Lovelace, Clegg hakupewa ufasaha. Lugha yake ni kavu, yenye maneno ya adabu yaliyochakaa, na haina mzaha. Kwa kumnyima mnyatiaji uzuri wa lugha, Fowles alifanya lile ambalo maelezo ya chini ya Richardson hayakuweza.

Njia ya pili ilianza mwaka 1972, Kathleen Woodiwiss alipochapisha The Flame and the Flower nchini Marekani. Katika riwaya hiyo, nahodha Brandon Birmingham anambaka Heather Simmons akidhani ni kahaba. Baadaye wanaozwa, na chuki inageuka kuwa mapenzi. Kitabu kilitoka moja kwa moja katika jalada la karatasi la bei nafuu, kikauzwa kwa wingi, na kufungua mlango wa riwaya nyingi za aina yake.

Wahakiki wa kike hawakuwadharau wasomaji wa vitabu hivyo, bali walijaribu kuwaelewa. Tania Modleski alitoa uchunguzi wake mwaka 1982, na Janice Radway akafuata mwaka 1984 na utafiti kuhusu wasomaji wanawake wa mji mmoja wa Marekani aliouficha kwa jina la Smithton. Radway aligundua mambo mawili yanayohusu mada hii. La kwanza ni kwamba tendo la kusoma lenyewe lilikuwa na thamani: mwanamke aliyewahudumia watu kutwa nzima alijipatia saa chache zake binafsi. La pili ni kwamba riwaya ziliwapa njia ya kuusoma upya ukali wa mwanamume kama upendo uliojificha. Msomaji hakutamani ukatili. Alitamani uhakika kwamba ukatili una maana nyingine. Hoja hiyo inaeleza faraja ya vitabu hivyo, na vilevile hatari yake, kwa kuwa mwanamke aliye katika nyumba ya mtu mkali kweli naye hutafuta uhakika huohuo.

6.0 Haunting Adeline na kizazi chake

Karne ya 21 ilileta njia mpya za kutoa vitabu. Fifty Shades ya E. L. James ilianza kama hadithi ya shabiki iliyoazima wahusika wa Twilight ya Stephenie Meyer (2005), ambamo Edward huingia chumbani mwa Bella usiku na kumtazama akiwa amelala. Ikachapwa kama kitabu mwaka 2011, na mfululizo wake ukauza zaidi ya nakala milioni 100. H. D. Carlton alijichapishia mwenyewe Haunting Adeline, na sifa zake zikasambazwa na wasomaji kwa video fupi za mtandaoni.

Adeline Reilly ni mwandishi wa riwaya anayerithi nyumba ya kale ya bibi yake. Humo anakuta shajara za mama wa bibi yake, ambaye naye alinyatiwa na mwanamume, akampenda. Zade Meadows, mtaalamu wa kudukua kompyuta, anamwona Adeline mara moja na kuanza kumfuata: anaingia nyumbani mwake, anaacha mawaridi, anafuatilia mawasiliano yake. Zade ana kazi nyingine pia, ya kuwasaka wafanyabiashara haramu wa watoto na wanawake. Sehemu ya pili, Hunting Adeline, ilitoka mwaka 2022. Majina hayo mawili yanatofautiana kwa herufi moja tu, na yanatoka moja kwa moja katika msamiati wa mizimu na wa uwindaji. Kitabu kinaanza na orodha ndefu ya mambo yanayoweza kumdhuru msomaji.

Anayeijua Clarissa ataona vitu vingi alivyokwisha kuviona. Mahali pa barua zilizoibwa pamewekwa simu na kamera. Masimulizi yanapishana baina ya sauti mbili, ya Adeline na ya Zade. Tofauti iko katika kazi ya sauti hizo. Katika Clarissa sauti mbili zinapingana, na mgongano wao ndio ushahidi. Katika Haunting Adeline sauti mbili zinaelekea mahali pamoja. Adeline hukataa kwa kinywa, lakini kwa kuwa anasimulia kwa nafsi ya kwanza, msomaji anaambiwa papo hapo kwamba mwili wake unakubali. Neno la kukataa linatamkwa, kisha msemaji huyohuyo analibatilisha. Shajara za kale nazo zinathibitisha kwamba mambo haya ni ya ukoo. Na kwa kuwa Zade anawaua wabaya kuliko yeye, msomaji anapewa mizani ambayo ndani yake Zade daima ataonekana mwepesi.

Watetezi wa riwaya hizi wana hoja ya haki. Wanasema kwamba msomaji ni mtu mzima, ameonywa kwenye ukurasa wa kwanza, na ana uwezo ambao Adeline hana, yaani kukifunga kitabu. Hofu inayotawaliwa si hofu ileile ya barabarani usiku. Hoja hii haiwezi kutupwa, na historia ya udhibiti wa vitabu inaonyesha ubatili wa kupiga marufuku. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) iliwahi kuzuiwa katika shule za Tanzania, na leo ni miongoni mwa riwaya zinazoheshimiwa zaidi katika Kiswahili. Lakini ikiwa onyo la Richardson halikutosha, hakuna sababu ya kudhani kwamba orodha ya maonyo ya Carlton inatosha. Orodha hiyo inamweleza msomaji yaliyomo. Namna ya kuyapima anaachiwa msimulizi amwonyeshe.

7.0 Majununi, mshenga na riwaya ya Kiswahili

Waswahili hawakuingia katika mjadala huu mikono mitupu. Neno majununi, lenye maana ya mwendawazimu, limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotoa neno jini. Ni neno hilohilo alilopewa Qays, mshairi ambaye kisa chake na Layla kilitungwa na Nizami wa Ganja kwa Kiajemi mwaka 1188. Qays ni mpenzi aliyepita kiasi kwa kila kipimo. Lakini Layla anapoozwa mtu mwingine, wazimu wa Qays unampeleka jangwani, anakoishi na wanyama. Anajidhuru mwenyewe, Layla anabaki na usalama wake, ingawa si na furaha. Kwa hiyo fasihi ya Mashariki ilikwisha kuonyesha kwamba mapenzi makali yanaweza kusimuliwa bila kumgeuza mpendwa kuwa windo.

Desturi ya posa nayo ilikuwa na mshenga. Mshenga alisimama baina ya anayeposa na anayeposwa. Jibu lilirudi kwa njia yake, na anayekataa hakulazimika kukabiliana ana kwa ana na anayekataliwa. Mnyatiaji wa riwaya ni mtu aliyemwondoa mshenga na kila mtu mwingine wa kati. Hata hivyo desturi hiyo isipambwe kuliko ilivyokuwa. Mara nyingi mshenga alizungumza na wazee, na kimya cha binti kilihesabiwa kuwa ni ridhaa. Jamaa za Clarissa nao walikuwa na utaratibu wao wa heshima, na ndio uliomsukuma kwa Lovelace.

Riwaya ya Kiswahili imeliangalia jambo hili kwa jicho lake. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972), tajiri mzee Mwinyi anamtamani binti Bahati na kumtumia kijana Idi kama njia ya kumpata. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maksuudi ana cheo na mali, na kwa hivyo viwili anawadhulumu wanawake. Katika riwaya hizi mwanamume anayeandama hana siri ya kuvutia iliyofichwa moyoni. Ana fedha, cheo na watu wa kutumwa, na msomaji anaonyeshwa kila kimoja kinavyofanya kazi. Tamaa imewekwa juu ya meza ihesabiwe.

8.0 Hitimisho

Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Hakuna riwaya inayopaswa kubebeshwa lawama ya mauaji hayo. Lakini mahakamani, katika kituo cha polisi na mbele ya wazazi, mwanamke anayesema kwamba anafuatwa huulizwa swali ambalo limekwisha kujibiwa kwa niaba yake katika vitabu vingi: je, hakuwa akipenda kidogo? Swali hilo lina historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya kifasihi.

Kazi tatu zinawangoja wanaisimu na wanafasihi wa Kiswahili. Ya kwanza ni ya istilahi: sheria zinapoendelea kufasiriwa, tendo hili lipewe jina linalobeba hofu ya anayetendwa, na wala si fuatilia, ambalo ni la mwalimu na la mkaguzi. Ya pili ni ya tafsiri. Riwaya za mapenzi ya giza zinasomwa tayari na vijana wa Afrika Mashariki kwa Kiingereza, na simulizi za mfululizo zinazosambazwa kwa simu zinazungumza nao kwa Kiswahili. Atakayefasiri au kuiga atalazimika kuamua, katika kila sentensi, kama mhusika wake anamfuata mwanamke, anamwandama au anamnyatia, na kila uamuzi utakuwa hukumu. Ya tatu ni ya ufundishaji. Mwanafunzi afundishwe kuuliza, kabla ya kuuliza kama mhusika ni mwema au mbaya, ni nani aliyepewa kusimulia, amepewa kurasa ngapi, na mwenzake aliposema hataki, sentensi iliyofuata ilisema nini.

Lady Bradshaigh na Richardson waliendelea kuandikiana kwa miaka mingi, wakawa marafiki, hadi Richardson alipofariki mwaka 1761. Bibi huyo aliisoma Clarissa yote, hata zile juzuu alizoziogopa, na katika pambizo za nakala yake aliandika hoja zake. Hakuacha kubishana na kitabu, naye mwandishi hakuacha kumjibu.